Baada ya Mkanda Kutolewa

Kakuma Mjini,
Kaunti ya Turkana.
Jumapili, 8 Juni 2025.

Mpendwa dada yangu Amuria,

Ejok, dada. Ejok kwa shemeji Morgan na kwa watoto wote. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima huko Adelaide, na kwamba kile kifua kinachokusumbua kila baridi ikianza kimekusahau mwaka huu. Nakuombea, maana sijui baridi ya aina hiyo ila kwa kusimuliwa.

Sisi huku tunapumua. Mvua ya Aprili ilikuja kidogo, ikaotesha majani ya kuwadanganya mbuzi, kisha jua likarudi kudai nchi yake. Vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Lakini hatujalala njaa, na kwa hilo nashukuru, kwa sababu kule Kalobeyei ninakofundisha mgao wa chakula wa wakimbizi umepunguzwa tena, na watoto wengine wanaanza kusinzia darasani asubuhi mapema. Ukiuliza mtu swali anakuangalia tu.

Barua hii nimempa Mama Manyang, yule jirani yetu Mdinka aliyekuwa akiuza mikate ya kisra karibu na soko. Jamaa yake imepata safari ya kuja Australia na ameahidi kukutumia atakapofika. Usishangae kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Tulipozungumza mara ya mwisho simu ilikatika, nawe ukadhani ni mtandao. Haikuwa mtandao. Uliponiambia, "Akoru, kisu tena? Si utembee tu asubuhi kama sisi?" nilibonyeza nikaikata. Sikulaumu. Hukuwa unajua yote. Kwa karatasi nitaweza kukuambia, kwa sababu karatasi haimkatizi mtu maneno.

Acha nianzie mbali, maana mengi uliyasikia vipandevipande.

Unakumbuka nilipokuwa Nairobi nikisomea digrii, nilifungwa ule mkanda. Ni kipete cha mpira kinachovalishwa mfuko wa tumbo kwa juu, ili mtu ashibe haraka. Chini ya ngozi wanaacha kitufe. Muuguzi akikichoma sindano na kuingiza maji, mkanda unabana, akiyatoa, unalegea. Mwaka wa kwanza nilipungua hadi mama, Mungu amrehemu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina ugonjwa ambao sitaki kuutaja. Nilicheka. Nilikuwa nimenunua rinda la manjano la dukani, si la kushonewa, na lilinikaa.

Kisha nikapewa kazi Kalobeyei nikarudi nyumbani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huku sikumpata mtu aliyejua kuchoma kile kitufe. Mkanda ulipobana kupita kiasi ilinibidi niende Nairobi. Ulipolegea, Nairobi. Mwalimu mwenye darasa la watoto tisini na mtoto wa kulea anakwenda Nairobi mara ngapi? Mwishowe niliacha kwenda.

Mkanda ukiwa umebana, ugali haupiti. Nyama haipiti. Mkate unasimama kifuani kama kizibo. Vinavyopita ni uji, soda, aiskrimu na chai ya maziwa iliyojaa sukari. Kwa hiyo nilikuwa natapika chakula cha watu wazima na kunenepa kwa chakula cha watoto. Kilo zilirudi zote, zikaja na wenzao. Na watu hawakuona mkanda, dada. Waliona mwanamke mnene aliyewahi kupasuliwa ili apungue na bado hakupungua.

Nikusimulie ya harusi ya binti wa mjomba Lokwang kule Lokitaung, Desemba iliyopita. Mjomba mwenyewe alinikatia kipande cha ubavu kinachodondoka mafuta, akaniletea kwa mkono wake mbele ya wakwe. "Kula, binti wa dada yangu. Leo ni siku ya mama yako pia." Nyama ya namna hiyo huikatai. Nilitafuna hadi taya zikaniuma, nikameza. Kikasimama. Mate yakajaa mdomoni, machozi yakanitoka, nikainuka taratibu kama mtu anayekwenda kuangalia mtoto. Sikufika mbali. Nilitapikia pembeni ya boma, kwenye uzio wa miiba, na wanawake wawili wa upande wa bwana harusi wakaniona.

Niliporudi mjomba alikuwa ameisukuma sahani yake.

"Nyama yangu inanuka?"

"Hapana, mjomba. Ni tamu."

"Basi una nini?"

Ningemwambia nini mbele ya watu wale? Kwamba nina mpira tumboni? Nilisema ni joto. Mpaka leo mjomba hajanipigia. Akikupigia wewe, tafadhali mweleze polepole. Mimi sauti yangu itakwama.

Januari maumivu yakaja ya kunikunja. Hata mate yangu mwenyewe yalikuwa hayashuki. Mume wangu Ekal alinikimbiza Lodwar, na pale tulimkuta Nekesa, yule rafiki yangu wa Bungoma tuliyesoma naye sekondari, sasa ni muuguzi. Alinishika tumbo, akaniangalia usoni, akasema, "Akoru, wewe si wa kulala hapa. Wewe ni wa Eldoret, na ni leo." Huko Eldoret picha ilionyesha mkanda umeteleza na kuvuta sehemu ya tumbo juu. Wakautoa. Nilipozinduka nililetewa maji kwenye kikombe cha plastiki, nikanywa, yakashuka. Yalishuka tu, kama maji yanavyoshuka kwa kila mtu. Nililia kwa sababu ya maji, dada.

Wewe ulisikia habari hadi hapo, ndiyo maana ukaniambia nimshukuru Mungu, sasa nitembee asubuhi. Nilitembea. Magoti yalivimba nikashindwa kupanda ngazi za ofisi ya elimu. Ule mkanda ulipotoka njaa yote niliyokuwa nimeifungia nje ilirudi ndani, na sukari ikapanda hata vidonge havikuishika. Sasa najidunga sindano za insulini. Na tangu Machi nyayo zangu zinawaka.

Ni hizo nyayo ndizo zilizonifanya niandike.

Mama alipougua sukari wewe ulikuwa umeshasafiri, na kwenye simu tulikuambia mguu umekatwa na anaendelea vizuri. Hivyo ndivyo baba alivyotaka usikie. Mimi ndiye niliyelala naye wodini Lodwar. Mama alikuwa ananiomba nimkune wayo. Wayo wa ule mguu uliokatwa. Nilimwambia haupo, akanikasirikia, akasema anaujua mguu wake. Basi nikawa nakuna shuka pale wayo ungekuwepo, naye anafumba macho na kusema, "Hapo. Hapo hapo." Hata mguu wa pili ulipoanza kuwa mweusi hakulalamika tena. Aliacha tu kuomba kukunwa.

Nyayo zangu zilipoanza kuwaka sikumwambia Ekal kwa muda. Nilikuwa naziloweka kwenye beseni na kuziangalia.

Daktari aliyenitoa mkanda anaitwa Kiplagat. Ni mtu mwembamba asiyepoteza maneno. Nilirudi kwake Aprili nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Aliangalia picha zangu, akauliza, "Mwalimu, nani alikuwa anakurekebishia mkanda huko Kakuma?"

"Hakuna, daktari."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Akavua miwani. "Na nani alikwambia kwamba aliyeshindwa ni wewe?"

Sikuwa na jina la kumpa. Ni walimu wenzangu wanaponyamaza nikichukua chapati ya pili. Ni mimi mwenyewe kila nikifunga zipu. Nilitokwa na machozi mbele ya mwanamume nisiyemjua, naye akangoja nimalize, hakuangalia saa.

Kisha akanieleza. Mkanda mwingine hawezi kunifunga, huo umekwisha. Kuna njia ya kukata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo ubaki mwembamba kama ndizi, lakini kwa mtu kama mimi ambaye tindikali inapanda hadi kooni, alisema inaweza kunizidishia. Njia anayoipendelea ni nyingine. Wanabakiza kijifuko kidogo kama yai, halafu wanapandisha utumbo na kuushona hapo, chakula kipite njia ya mkato. Kwa wengi sukari hushuka hata kabla ya kilo. Wengine huacha sindano kabisa.

Hakunificha mabaya. Tumbo langu limeshakatwa na lina makovu ndani, kwa hiyo kazi ni ngumu kuliko kwa mtu asiyewahi kuguswa. Pale waliposhona panaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda. Nitameza vidonge vya vitamini na madini maisha yangu yote na kupimwa damu, na chai yetu ya sukari nyingi inaweza kunitoa jasho na kunitetemesha. "Na wapo wanaonenepa tena hata baada ya hii," akasema. Nikamuuliza kama ananiahidi. Akasema, "Hapana." Ajabu ni kwamba neno hilo ndilo lililonifanya nimwamini.

Nyumbani ilikuwa vita, lakini vita vya kunyamaza. Ekal, unamjua, ni fundi wa pampu za visima, na kila kitu kwake ni pampu. Aliweka kikombe chini akaniambia, "Nikitengeneza kisima kikaharibika, nikarudi kikaharibika tena, watu wa kijiji hawaniiti mara ya tatu. Walikufunga, wakakufungua. Unawarudia kwa nini?"

"Kisima kikiharibika watu wanahamia kingine," nikamjibu. "Mimi nihamie mwili wa nani?"

Alitoka kwenda kuosha pikipiki ambayo haikuwa chafu.

Mama mkwe naye alisikia. Tunaishi naye boma moja, na kuta zetu ni za mabati. Alikuja akasimama mlangoni pangu, hakuketi. "Nchi hii watu wanatafuta nyama ya kufunika mifupa," akasema, "na wewe unakwenda kwa watu waiondoe?" Nikaanza kumweleza habari ya sukari. Akanikatiza. "Mtoto wangu wa kwanza alikufa mwaka ule wanyama walipokwisha. Alikuwa mwepesi, nilimbeba kwenda kumzika kwa mkono mmoja. Usiniambie mimi habari za kupungua."

Tangu siku hiyo ananipakulia mwenyewe, sahani imejaa kama kichuguu, na anakaa mbele yangu mpaka nile. Si mbaya. Anadhani ananiokoa. Nami nakula, kwa sababu siwezi kumsukumia sahani mwanamke aliyezika mtoto kwa njaa, na kila tonge najua linakokwenda.

Kuna lingine ambalo sijamwambia mtu. Keziah wangu, binti yangu wa kidato cha tatu, alikuja likizo ya Aprili akiwa amekonda. Nikadhani ni chakula cha bweni. Kumbe chakula cha jioni anawapa wenzake. Nilimbana, akasema bila kuniangalia, "Sitaki kukatwa kama wewe." Nilimweleza kwamba mwili wake ni mzuri, kwamba anahitaji kula ili asome, maneno yote ambayo mama husema. Alisikiliza kwa adabu. Sijui kama yaliingia. Ukipata nafasi mpigie, umuulize habari za masomo tu, usitaje chakula. Wewe anakupenda.

Mei nilimwomba Ekal anisindikize Eldoret. Nilidhani atakataa. Alivaa shati lake la kanisani akaja. Kwa daktari alikaa na kofia yake magotini mpaka Kiplagat alipomaliza na kuuliza kama kuna swali. Ekal akakohoa.

"Daktari, tuseme amekatwa, tumerudi Kakuma. Siku moja panavuja ndani. Nami namleta kwako, lakini mvua imenyesha, na mto pale Kalemng'orok umejaa, magari yamesimama huku na huku. Nifanye nini?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hapo sina dawa, mzee."

"Basi?"

"Basi asirudi Kakuma mapema. Miezi ya kwanza akae karibu nami. Baada ya hapo, ningependa aishi Lodwar kuliko Kakuma, karibu na hospitali na uwanja wa ndege, na damu yake ichukuliwe pale. Mara ya kwanza alifungwa kitu akaachwa peke yake nacho. Sitaki kurudia hilo. Kama hamuwezi, niambieni, na sitamkata."

Ekal aliitikia kwa kichwa kama anavyofanya fundi mwenzake akimwonyesha palipovunjika.

Safari ya kurudi tulipita Kalemng'orok, mto ulikuwa mchanga mtupu, mbuzi wanavuka. Alikuwa anauangalia dirishani hata baada ya kuupita. Karibu na Lodwar ndipo aliposema, "Nitaomba uhamisho. Watu wa maji wana karakana Lodwar."

"Na mama yako?"

"Mama hatakuja."

"Kwa hiyo?"

"Sijui, Akoru. Nimesema tu nitaomba."

Uhamisho wake umekubaliwa wiki iliyopita. Wangu bado uko mezani kwa mtu, lakini mkuu wa shule amesema sitakosa. Mama mkwe tulimwambia wote wawili, tumeketi chini mbele yake. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akasema yeye atabaki hapa na mdogo wa Ekal, hawezi kuishi mji wa watu asiowajua. Jioni alipakua kama kawaida, akaniwekea sahani yangu, lakini hakukaa. Aliingia ndani kwake. Sikujua kama ni hasira au ameniachilia, na sina ujasiri wa kumuuliza.

Basi ndivyo tulivyofika. Shule zikifungwa Agosti nitakwenda Eldoret, na tarehe imeshaandikwa. Habari ya gharama tumeimaliza huku, usijisumbue kutuma chochote. Nekesa ameomba likizo yake iangukie wiki hiyo ili awe nami. Baadaye nitakaa kwa dada yake hapo Eldoret mpaka daktari aniruhusu, kisha Lodwar.

Ninaogopa, dada. Sitaki kukuandikia kishujaa. Naogopa usingizi wao ule, naogopa nitapata njia hii nayo ikatae, na watu waseme, "Si tulisema?" Naogopa zaidi kwa ajili ya Keziah, aone nini. Kuna siku nakaa darasani watoto wakinakili ubaoni, nawaona jinsi walivyo wembamba, nasema moyoni, Akoru, huna aibu. Halafu nyayo zinaanza kuwaka ndani ya viatu, na aibu inanyamaza.

Wakikupigia kwamba sikuamka, usikubali mtu aseme niliuawa na urembo. Hata mjomba usimwachie. Waambie nilitaka kuzeeka kwa miguu miwili.

Na sasa naomba kile kilichonikalisha mezani. Mama hayupo. Baba, habari za wanawake hazitaki. Tangu tumzike mama, wewe ndiye ninayemwomba ruhusa, hata kama hukujua. Nitakwenda hata usipokubali. Nimeshaamua na sitakudanganya. Lakini ningependa kupanda kile kitanda nikijua umekubali. Barua ikikufikia usinitumie maneno mengi, wala ushauri. Nipigie, uniambie, "Nenda, Akoru." Kisha tuongee habari za watoto wako.

Nisalimie shemeji Morgan, na umwambie mbuzi wake aliyemwacha kwa Ekal amezaa mapacha. Wabusu watoto, hasa yule mdogo ambaye sijamwona ila kwa picha. Ekal anakusalimu, Keziah anakusalimu, Nekesa anasema anakukumbuka ulivyokuwa unamsuka. Mama mkwe hakusema nimwandikie salamu, lakini pokea, najua angesema.

Mungu aliyemshika mama mkono mpaka mwisho awashike ninyi huko mbali, awape afya, na kila mlango mnaobisha ufunguke.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, akupendaye na kukungoja,

Abigael Akoru